Aliye Njiani Asiandikiwe

Sisi tusioendesha gari hudhani ya kuwa jambo hili la madereva kusoma ujumbe wa simu halituhusu. Twakaa barazani, kijana wetu yu njiani na gari lake, nasi twamwandikia, "Umefika wapi?" Jibu likichelewa twanung'unika.

Na tuhesabu, kama tuwafundishavyo watoto. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akiinamia simu sekunde 5 tu, amekwisha kwenda mita 110 bila kuitazama njia, yapata urefu wa uwanja wa mpira. Na humo huenda wamo watoto watokao shule.

Mwaka 2009 huko New Jersey, Marekani, kijana mmoja aliyekuwa akiandikiana na rafiki yake huku akiendesha gari aliwagonga mume na mke waliopanda pikipiki. Kila mmoja wao akapoteza mguu. Mwaka 2013 mahakama ya rufani ilisema kwamba hata mwenye kupeleka ujumbe aweza kudaiwa, iwapo alijua ya kuwa mwenziwe anaendesha na atausoma papo hapo. Yule rafiki hakupatikana na lawama, kwa kuwa haikuthibitika kwamba alijua hayo.

Lakini sisi tuulizao "Umefika wapi?" twajua. Kwa hiyo nyumbani kwetu tumepatana: aendeshaye haandikiwi. Mwenye haja humwandikia abiria aliye naye, au hungoja.