Mhakiki na Tuzo Asiyoiheshimu

Saa kumi alfajiri, tarehe 13 Januari 2014, mwalimu mmoja wa fasihi aliwasha televisheni nyumbani kwake Wote, Makueni, atazame tuzo za Golden Globe zikitolewa Marekani. Darasani alikuwa akizibeza. Mwaka 1982 Pia Zadora alituzwa kwa filamu ya Butterfly, na ilisemekana kwamba mumewe tajiri aliwakirimu waamuzi huko Las Vegas. Tuzo ya namna hiyo, alishikilia, si kigezo cha uhakiki. Lakini safari hii Lupita Nyong'o alikuwa ameteuliwa kwa uigizaji wake katika 12 Years a Slave, na usingizi ulikuwa umekatika.

Mamaye, mgeni wake kutoka Kitui, aliamka kwa sauti ile.

"Hao waamuzi ni akina nani?"

"Ni waandishi wa habari, Mwaitu. Hawafiki mia."

Mama alicheka. Alizoea myali, nyimbo za Kikamba za kejeli, ziimbwazo mbele ya watu wanaomjua vyema anayesutwa.

Likatajwa jina la Jennifer Lawrence. Kinaya ni kwamba tuzo iliyodharauliwa ilimuuma mwenye kuidharau, na hata Oscar ya Machi haikulifuta jambo hilo. Mwaka 2021 ilipofichuka kwamba miongoni mwa wanachama 87 wa chama cha waamuzi hapakuwa na mweusi hata mmoja, nusura ajipatie udhuru. Ila chama hichohicho ndicho kilichomteua Lupita. Kilivunjwa mwaka 2023.

Swali la Mwaitu bado hulitumia kufungulia kipindi cha uhakiki. Kuhusu alfajiri ile huwa hasemi kitu.