Tembo Wasiokuwamo Chumbani

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu, kazi zimenibana kweli kweli. Leo sina simu mpya ya kuwachambulia wala programu ya kuwaonyesha jinsi ya kuipakua. Nataka kuzungumzia somo moja la chuo, na kosa langu moja ambalo sijawahi kuliandika popote.

Aliyenichokoza ni binamu yangu. Yuko mwaka wa kwanza, anasomea sayansi ya kompyuta, na wiki iliyopita alinitumia ujumbe: "Kaka, nilikuja hapa kujifunza kutengeneza programu. Sasa wananifundisha seti na majedwali ya ukweli, halafu wanataka nithibitishe vitu ambavyo hata mtoto anaviona. Hii itanisaidia wapi?"

Nilicheka, maana swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe mwaka wa 2016, tena kwa maneno makali zaidi. Halafu nikaacha kucheka. Nikamwambia nitamjibu kwa kirefu, na jibu lenyewe ndilo hili.

Kwa wale ambao hawajalipitia, somo hilo lina mambo matatu. Kwanza ni seti, yaani mkusanyiko wa vitu, wazo lililojengwa na Mjerumani Georg Cantor kuanzia miaka ya 1870. Pili ni mantiki: maneno kama "na", "au", "si" na "ikiwa... basi". Mwingereza George Boole alionyesha katika kitabu chake cha mwaka wa 1847 kwamba maneno hayo yanaweza kufanyiwa hesabu, na ndiyo maana jina lake limo katika karibu kila lugha ya programu. Tatu ni uthibitisho, na hapo ndipo wengi tulipozama.

Mimi nilitoka sekondari na A ya hesabu. Nilizoea swali linalotaka jibu. Hapa swali linakupa jibu, kisha linakudai sababu. CAT ya kwanza nilipata 9 kati ya 30. Swali moja lilisema: onyesha kwamba mraba wa namba nzima ukiwa shufwa, basi namba yenyewe ni shufwa. Nikaandika kwamba 4 ni mraba wa 2, 16 ni mraba wa 4, 36 ni mraba wa 6, kwa hiyo ni kweli. Nikapewa sifuri. Kando yake mhadhiri alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Umejaribu namba tatu. Zimebaki ngapi?"

(Njia yenyewe ni fupi. Chukua namba witiri yoyote, iite 2k + 1. Mraba wake ni 4k² + 4k + 1, ambao pia ni witiri. Kwa hiyo mraba ukiwa shufwa, namba haiwezi kuwa witiri. Mistari mitatu tu, na namba zote za dunia zimekwisha.)

Mhadhiri wetu alikuwa mzee mpole, mtu wa chaki na ubao, hana habari na projekta. Siku moja aliingia akaandika ubaoni: "Tembo wote waliomo chumbani humu wanajua kuogelea." Akageuka, akauliza, "Kweli au uongo?"

Darasa zima likapiga kelele, "Uongo!"

"Haya. Kama ni uongo, nileteeni tembo mmoja aliyemo humu asiyejua kuogelea."

Kimya. Mimi ndiye niliyeinua mkono. "Mwalimu, lakini humu hamna tembo hata mmoja."

"Ndiyo sababu huwezi kuniletea," akasema. "Na kama huwezi kuniletea hata mmoja wa kuipinga, kauli yangu imesimama."

Nilibisha. Nilimwambia huo ni ujanja wa mawakili, eti kauli iwe ya kweli kwa sababu hakuna kitu. Wenzangu wakanishangilia. Yeye hakukasirika. Alichora ∅, alama ya seti tupu, ambayo wanahisabati wa kundi la Bourbaki kule Ufaransa walianza kuitumia mwaka wa 1939. André Weil, mmoja wao, aliitoa kwenye herufi ya Kinorwe. Kisha akatuthibitishia kwamba seti tupu ni seti ndogo ya kila seti. Tuseme si kweli, alisema. Basi lazima kuwe na kitu kilichomo ndani ya seti tupu ambacho hakimo katika ile seti nyingine. Lakini ndani ya seti tupu hamna kitu. Tumegonga ukuta, kwa hiyo kauli ni kweli.

Niliiandika daftarini, nikaikariri, nikaitema kwenye mtihani, nikapata C. Nikaapa kwamba mimi na tembo hao hatutaonana tena.

Tulionana mwaka wa 2022.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo hapa Nairobi inayotengeneza mifumo ya sacco. Sitaitaja, wala sacco yenyewe sitaitaja. Kwa wasomaji walio nje ya Kenya: katika sacco ile, mwanachama akitaka mkopo unaozidi akiba yake, hutafuta wanachama wenzake wamdhamini. Asipolipa, akiba zao ndizo zinazokatwa. Kwa hiyo mdhamini hupata ujumbe, anakubali au anakataa, na mkopo haupiti mpaka wote wakubali. Kazi ya kuandika kanuni hiyo nilipewa mimi. Nikaiandika hivi, kwa Python:

if all(m.amekubali for m in wadhamini):
    mkopo.pitisha()

Yaani, ikiwa kila mdhamini amekubali, pitisha mkopo. Safi kabisa. Nikaijaribu kwa mdhamini mmoja, kwa watatu, kwa watatu mmoja akiwa amekataa, kwa wote wakiwa wamekataa. Fomu ya ofisini ilikuwa haikubali kuendelea bila jina la mdhamini, basi sikuwaza zaidi. Miezi mitano baadaye tukaongeza njia ya kuomba mkopo kwa simu, na huko kizuizi kile hakikuwekwa.

Mikopo 7 ikapita. Kamati ya usimamizi ilipokuja kukagua, ikakuta kila mmoja umeandikwa "Wadhamini wote wamekubali", na mahali pa majina ni patupu. Wakamshuku karani wa mikopo, mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiniita "kijana wangu" na kunitengea chai kila nilipokwenda pale. Ilionekana amefuta majina ili kuwasaidia marafiki zake.

Sacco ikaiandikia kampuni yetu: je, mfumo unaweza kupitisha mkopo bila mdhamini? Meneja akanipa mimi nijibu. Nikaendesha majaribio yangu, yote 46 yakapita. Nikajibu kwa sentensi moja: "Mfumo hauwezi kupitisha mkopo wowote bila wadhamini kukubali." Kesho yake yule mama akarudishwa nyumbani bila mshahara, akisubiri uchunguzi.

Tazameni sentensi ile. Nilisema "mkopo wowote" kwa sababu mifano 46 ilikuwa imenikubalia. Ni ile ile 2, 4, 6 ya CAT, isipokuwa safari hii hapakuwa na wino mwekundu.

Siku ya tisa alinipigia simu. Hakupiga kelele. Alisema, "Kijana wangu, unavyonijua, mimi ni mtu wa kufuta majina? Hebu angalia tena." Nikamwambia nimeshaangalia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, baba," akakata.

Usiku ule sikulala. Nilifungua hifadhidata, nikaenda kwenye jedwali la wadhamini. Kila mdhamini anayeingizwa hupewa namba inayofuatana na ya mwenzake, na rekodi ikifutwa pengo hubaki. Nikazifuata namba za miezi ile yote. Hapakuwa na pengo hata moja. Hakuna jina lililofutwa. Majina hayakuwahi kuwapo.

Nikafungua Python, nikaandika all([]), yaani "je, wote katika orodha hii tupu wamekubali?" Ikajibu: True.

Nilikaa nikilitazama neno hilo. Wadhamini wote waliomo katika orodha hii wamekubali. Nileteeni mmoja ambaye hajakubali.

Msiilaumu Python. JavaScript hufanya hivyo hivyo kwa every, na Java kwa allMatch, na ni sawa wafanye hivyo. Fikiri una makundi mawili ya wadhamini. Kusema wote wa makundi yote mawili wamekubali ni sawa na kusema wote wa kundi la kwanza wamekubali NA wote wa kundi la pili wamekubali. Sasa kundi la pili likiwa tupu, jibu lake lisiharibu jibu la kundi la kwanza. Jibu pekee lisiloharibu ni "kweli", kama vile kujumlisha vitu visivyokuwapo kunavyotoa 0, na kuzidisha vitu visivyokuwapo kunavyotoa 1. Hesabu ilikuwa sahihi. Aliyeuliza swali lisilo sahihi ni mimi. Sharti la sacco lilikuwa na sehemu mbili, nami niliandika moja tu. Marekebisho yake ni haya:

if len(wadhamini) >= idadi_inayotakiwa and all(m.amekubali for m in wadhamini):

Asubuhi nilimweleza meneja. Akapendekeza turekebishe kimya kimya na tuwaambie sacco kwamba ilikuwa hitilafu ya mtandao. Nilitamani sana kukubali. Lakini hitilafu ya mtandao isingemrudisha mtu kazini.

Nilikwenda mwenyewe mbele ya kamati. Hapo somo lile likanisaidia mara ya pili, maana kauli ya "wowote" haihitaji hotuba kuivunja. Mfano mmoja unatosha. Nilichukua simu, nikafungua mfumo wa majaribio ambao ulikuwa haujarekebishwa, nikaomba mkopo bila kuweka mdhamini. Ujumbe ukaingia: "Wadhamini wote wamekubali." Mwenyekiti akaisoma mara mbili, akauliza, "Wadhamini gani?"

"Hakuna, mwenyekiti. Na barua iliyosema haiwezekani niliiandika mimi."

Yule mama alirudi kazini wiki iliyofuata, na siku zake akalipwa. Nilimwomba msamaha, akaupokea. Ananisalimia vizuri mpaka leo. Lakini chai haikurudi, na "kijana wangu" sijaisikia tena.

Basi binamu, hilo ndilo jibu langu. Jedwali la ukweli halitakupa kazi. Bali siku utakapoandika neno "wote" kwenye programu, pesa za watu na jina la mtu vinaweza kuwa nyuma ya neno hilo. Sasa hivi kila nikiliandika najiuliza: na kama hakuna hata mmoja? Jaribio la orodha tupu ndilo la kwanza ninaloandika, kabla ya yale mengine yote.

Jambo moja zaidi, kwa sababu lugha yetu ina mtego hapa. Ukisema "wadhamini wote hawajakubali", mmoja atasikia kwamba hakuna hata mmoja aliyekubali, mwingine atasikia kwamba wapo waliokubali ila hawajatimia. Kinyume cha "wote wamekubali" ni "yupo angalau mmoja ambaye hajakubali", basi. Mteja akikupa kanuni yenye neno "wote", mrudishie kwa maneno hayo, mwone kama mnazungumza jambo moja, kabla hujagusa kibodi.

Nawaachia zoezi. Mimi sijaoa wala sina mtoto. Nikiwaambia kwamba watoto wangu wote ni madaktari, je, nimesema uongo? Na nikisema watoto wangu wote hawajui kusoma, je? Binamu yangu ana CAT Ijumaa, naye nimempa hilo hilo.

Tukutane tena panapo majaliwa.