Kocha wa laki na ishirini

Wiki mbili hizi akili yangu imetekwa na hesabu moja tu: laki moja na ishirini elfu kwa mwezi. Ndiyo bei aliyonitajia kijana mmoja hapa Babati ili anifundishe mazoezi mimi peke yangu, siku tatu kwa wiki, saa moja kila siku. Ukigawanya ni elfu kumi kwa saa. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, nalipwa stori ikitoka (na stori ikitoka pesa haitoki siku hiyo hiyo, waandishi wenzangu mnajua). Hiyo elfu kumi kwa saa mimi mwenyewe sijawahi kulipwa na mtu.

Sasa nilifikaje huko? Mwezi uliopita nilipima presha, ikaja 146 kwa 94. Nikapanda mzani: kilo 92. Urefu wangu ni mita 1.65, kwa hiyo ukipiga ile hesabu yao ya uzito kwa urefu unapata karibu 34, na wao kuanzia 30 wanahesabu ni unene uliopitiliza. Daktari, kijana wa rika langu, hakunitisha. Alisema, "Dada, bado hatujafika kwenye vidonge. Punguza chumvi, punguza mwili, rudi baada ya miezi mitatu tupime tena."

Baba yangu alifariki kwa kiharusi mwaka 2014, akiwa na miaka 53. Alikuwa na kitambi cha heshima, kile ambacho harusini kinakupatia kiti cha mbele hata kama mwenye shughuli hakujui. Watu walimwita bosi. Presha yake sisi tuliijua siku alipoanguka, na hakuamka tena. Kwa hiyo ninapoongelea kupungua, naomba tusielewane vibaya. Hapa hakuna gauni la sendofu wala picha za ufukweni.

Nilimweleza mama. Akanyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, ukikonda watu watauliza." Sikumcheka. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na mama amekuwa msichana katika miaka ambayo mtu akipungua mwili tu, majirani walishaanza kuhesabu siku zake. Kizazi chake kilijifunza kwamba mwili mnene ni ushahidi wa uzima. Ndiyo maana hadi leo ukirudi kutoka safari umenenepa unaambiwa umenawiri, maisha yamekukubali. Ukirudi umepungua unaulizwa kwa sauti ya chini, "Vipi, uko salama?"

Bibi yangu yeye anakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, ile ya redioni ya mwaka 1973, watu wanakaa kwa vikundi wanasikiliza, wakitoka hapo wanakwenda kuchimba vyoo. Maadui walikuwa mbu, minyoo, maji machafu. Kitambi hakikuwa kwenye orodha, na kwa wakati ule kingetoka wapi? Lakini angalia takwimu za utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto: mwaka 2015-16 wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza walikuwa asilimia 28. Mwaka 2022 wakawa asilimia 36. Miaka saba tu! Mjini tunakaa, tunapanda bodaboda kwenda mtaa wa pili, tunakula chipsi mayai saa nne usiku.

Na kinachonichekesha ni kwamba hili linatokea Manyara. Huu ni mkoa wa John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akaimaliza. Ni mkoa wa Gidamis Shahanga wa Katesh, aliyechukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, halafu mwaka 1982 kule Brisbane akachukua ya mita 10,000. Hapa kwetu kukimbia hakujawahi kuwa kitu cha kulipia. Kwa hiyo mtu akisikia unamlipa kijana akuhesabie "moja, mbili, tatu" anakuona umechanganyikiwa. Kaka yangu aliniambia waziwazi: "Barabara ya Singida ipo pale, haina kiingilio."

Kabla ya huyu kocha wa Babati, alinifuata mwingine wa Arusha kwa WhatsApp, na picha zake za "kabla" na "baada". Yeye anaahidi kilo kumi kwa siku thelathini, huduma zote kwa simu. Nikachukua kalamu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba takriban kilokalori 7,700. Kilo kumi ni 77,000. Gawanya kwa siku thelathini unapata zaidi ya 2,500 kila siku, pungufu ya kile mwili unachotumia. Mtu wa kilo 92 akikimbia kilomita moja anachoma takriban kilokalori 92. Maana yake ningetakiwa kukimbia kama kilomita 28 kila siku bila kuongeza hata tonge moja la ugali. Yaani niondoke hapa stendi, nikatokee Magugu, kila siku ya Mungu. Nilimtumia hesabu hiyo. Hajajibu mpaka leo.

Hesabu hiyo hiyo lakini inamkata hata kocha wa kweli. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula kina kama kilokalori 120. Vijiko vinne kwenye mchuzi na mboga, mafuta safi ya alizeti tunayojivunia hapa kwetu, ni zaidi ya kukimbia kilomita tano kwa mwili wangu. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kilo zangu iko jikoni, na jikoni hakuna kocha. Kule ni mimi, sufuria na mama anayeniwekea nyama ya pili.

Basi ungesema jibu limepatikana, kaka yangu kashinda, elfu kumi ibaki mfukoni. Lakini kaka yangu ni mwanaume. Nilijaribu hiyo barabara isiyo na kiingilio kwa wiki nzima. Asubuhi kabla jua halijatoka ni giza na mbwa. Jua likitoka ni vijana wa bodaboda. "Dada, unafukuzwa na nani?" "Mama, polepole, lami itapasuka." Siku ya nne mmoja alinifuata na pikipiki taratibu karibu nusu kilomita, haongei, anaangalia tu. Magdalena Shauri mwaka 2023 alishika nafasi ya tatu Berlin Marathoni kwa saa 2:18:41, na nchi nzima ikapiga makofi. Mwanamke wa kilo 92 akitembea haraka kuelekea ziwani, makofi yanakuwa ya aina nyingine. Kile ambacho ningemlipa kocha, nikajikuta naona, robo tatu ni kuwa na mtu pembeni.

Nikaenda kumhoji kama ninavyohoji diwani. Hana cheti, akasema mwenyewe kabla sijauliza. Anatoka upande wa Hanang, alikimbia mita 10,000, akafika mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, halafu mshipa wa kisigino ukamaliza habari. Ana mke na watoto wawili, na wateja watano. Nilitegemea aanze kunisifia kazi yake. Badala yake alitoa daftari akaniuliza: presha yako ilisomaje? Unatumia dawa gani? Magoti yanauma ukipanda au ukishuka ngazi? Nani nyumbani amepata kiharusi? Nilipomwambia kuhusu baba, aliandika, akafunga daftari.

"Dada mwandishi, wiki nne za kwanza hukimbii. Utatembea, utachuchumaa na kusimama, utasukuma ukuta. Na ukitaka kilo kumi kwa mwezi, mimi siwezi."

Nikamuuliza anaweza nini. "Kilo mbili kwa mwezi, kama jikoni kwako watakubali."

Mbili, hesabu yangu inazikubali: pungufu ya kilokalori 500 kwa siku inakupa karibu hapo. Lakini 120,000 mara miezi mitatu ni 360,000, na ada ya mdogo wangu ipo njiani. Hapo nilikwama siku tatu. Aliyenikwamua ni dada mmoja wa redioni, mwenye magoti mabovu na vijana wake wa bodaboda vilevile. Tukarudi kwa kocha tuko wawili. Akakuna kichwa, akasema wawili atachukua laki moja na hamsini. Sabini na tano kila mmoja. Kwa tofauti hiyo ya miezi miwili nanunua kipimo cha presha cha nyumbani, nimeshauliza bei duka la dawa, na mama naye apimwe, maana hajawahi.

Tunaanza Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwanja wa Kwaraa. Mama ana swali moja tu limebaki: huyo kocha ameoa? Nimemwambia ameoa. Ameuliza tena kama nina uhakika.