Pitisha Kiganja Kabla ya Rangi

Kisarawe

Mpwa wangu Shabani,

Marahaba, najua ungeniamkia. Alhamisi nilikuja kliniki Mnazi Mmoja, nikaona nikatize hadi Gerezani nikuone. Nikaambiwa umekwenda Shauri Moyo kutafuta taa ya mteja. Nikakaa kwenye benchi lako nusu saa nzima, kahawa chungu mkononi, macho yangu kwenye ile Corolla nyeupe uliyoipachika kiraka kwenye madigadi ya nyuma. Mama yako hajambo, anakusalimu. Maembe yamekwisha, mihogo ipo, na ya kwako imeshatengwa.

Sasa hiyo Corolla. Kuchomelea umechomelea vizuri, hilo nakupa. Lakini nilifumba macho nikapitisha kiganja kutoka kwenye bati zima kuelekea kiraka. Kikapanda, kikashuka. Nikatoa ile sumaku yangu ya siku zote, nikaiweka pale. Ikateleza ikaanguka chini. Maana yake puti ni nene mno, bati liko mbali huko ndani. Nani alikuharakisha sijui, ingawa nadhani najua, na kama anaisoma barua hii begani kwako, na asome.

Mwaka 1991, hapohapo Gerezani, nilimkabidhi dereva teksi Peugeot 504 yake inang'aa hadi akajitazama meno kwenye mlango. Kwenye mstari wa kuchomelea nilikuwa nimeacha vitundu kama vya sindano, nikavipaka puti, funika kombe mwanaharamu apite. Masika ikapita. Juni akarudi. Hakugomba. Alichomoa ufunguo, akatoboa lengelenge moja la rangi, yakashuka maji ya kutu mpaka kwenye kiatu changu. Puti hunywa maji, mwanangu. Yaliingilia kwa nyuma, kwenye vile vitundu, yakakaa juu ya bati yakalila polepole. Niliirudia kazi siku nne bila malipo, rangi kwa fedha yangu. Yeye siku hizo nne hakuingiza hata senti, na hizo sikumlipa mpaka leo.

Kwa hiyo nisikilize. Ukichomelea kiraka, piga nukta huku, nukta kule, ukipoze. Ukikokota moto mfululizo bati linavutika na kubonyea, kisha unatafuta puti ya kulisitiri. Ukishika grenda usiing'ang'anize mahali pamoja. Bati la gari halifiki hata milimita moja, na likigeuka buluu ujue umeliunguza. Chuma kinyooshwe kwa nyundo, puti ije kulainisha tu, isizidi milimita tatu. Kabla hujaipaka, tafuta kiza, mwambie mwenzako awashe tochi ya simu nyuma ya bati. Utakapoona nyota, pana tundu. Rudi ukalichomelee.

Msasa uviringishe kwenye kipande cha ubao, usisugue kwa vidole vitupu, vidole huchimba mifereji. Anza namba 80, nenda 180, kisha 320. Puti ikiwa wazi usiisugue kwa maji hata kama vumbi linakukera. Msasa wa maji ungoje praima. Na bati lililo uchi lisilale hivyo usiku kucha katika hewa yetu hii ya bahari. Asubuhi utalikuta limeota kutu. Lifute kwa tina, likikauka lipige praima siku ileile, na upande wa ndani usiusahau, maana huko ndiko Peugeot yangu ilikoanzia kuoza.

Jingine. Niliona miwani yako ya kazi imetundikwa msumarini, ina buibui. Macho hayauzwi Kariakoo, pamoja na wingi wa maduka yake. Na barakoa uvae ukipuliza rangi. Kikohozi changu unakijua.

Nasikia mwenye Corolla anaifuata Jumamosi. Mwambie Jumanne. Atafoka, mvumilie, usimjibu. Ikwangue puti yote mpaka bati lionekane, weka tochi, anza upya. Machi imeshaingia, na mvua haitakungoja.

Mihogo sitakutumia kwa daladala. Utaifuata mwenyewe huku, ukishaikabidhi hiyo gari.

Mjomba wako