King Majuto: mzee wa Tanga aliyewachekesha wakimbizi wa Fizi

Mjini Baraka, jua likishuka nyuma ya milima na wavuvi wakitayarisha taa zao kwa kwenda ziwani, vijana hukusanyika mahali penye umeme wa sola. Wengine wanachaji simu, wengine wanatazama video fupi za kuchekesha. Siku hizi wapo hata wanaojirekodi wenyewe. Mmoja anajifanya mkwe, mwingine mlevi, na wa tatu anavaa nguo za baba yake na kuwa mzee mkali. Huyo mzee mkali, jinsi anavyotoa macho, anavyolalamika na kujidai mjanja mpaka ananaswa na mtego wake mwenyewe, wakaaji wa Baraka waliowahi kuishi kambini Tanzania wanamtambua mara moja. Ni King Majuto.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Amri Athumani. Alizaliwa Tanga, pwani ya kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1948. Alianza kuigiza jukwaani mwaka 1958, akiwa bado mtoto. Wakati huo hakukuwa na televisheni nchini mwake. Mchekeshaji alisimama mbele ya watu, na kama hawakucheka alilijua hilo papo hapo. Baadaye zilipokuja kanda za video, King Majuto alikuwa kati ya wachekeshaji wa kwanza Tanzania kuweka michezo yao kwenye kanda na kuiuza. Kanda zikaondoka, zikaja CD, kisha filamu ambazo watu huziita Bongo Movie, na yeye akapita nazo zote.

Waswahili husema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mzee huyu alilibeba neno hilo kama jina, na kweli watu aliowaigiza walikuwa watu wa kujuta. Baba mwenye nyumba anayetaka kila mtu amwogope, mwishowe anachekwa na watoto wake. Mzee anayeficha pesa, mwishowe anaibiwa na yule aliyemwamini. Alisema Kiswahili cha Tanga, cha taratibu, na mara nyingi kicheko kilianza kabla hajamaliza sentensi. Vijana wa miaka ya 2010 wanamkumbuka zaidi akiwa pamoja na Sharo Milionea, kijana wa mbwembwe na nywele za kisasa, ambaye jina lake halisi lilikuwa Hussein Mkiety. Mzee wa kanuni za zamani na kijana wa mapozi, kila mmoja akimwona mwenzake mjinga. Sharo alifariki katika ajali ya gari huko Muheza, mkoani Tanga, mwezi wa 11 mwaka 2012. Mzee akamzika kijana.

Jinsi kicheko hicho kilivyofika Fizi ni historia ambayo familia nyingi za huku zinaijua. Mwaka 1996 vita ilipofika Fizi, watu walipanda mitumbwi na maboti, wakavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Wengi walipelekwa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Huko mtu hakuwa na shamba la kutosha, hakuwa na ruhusa ya kutembea anavyotaka, na chakula kilikuja kwa kipimo. Watoto waliokwenda wakisema Kibembe au Kifuliiru walijifunza Kiswahili cha Tanzania sokoni, na pia mbele ya televisheni. Palipokuwa na jenereta na pazia jeusi, palikuwa na sinema, na palipokuwa na sinema hakukosi siku King Majuto alionyeshwa.

Mtu ambaye hajakimbia vita anaweza kushangaa kwamba mkimbizi anatoa senti yake ya mwisho kwenda kucheka. Waliokimbia hawashangai. Ugomvi wa King Majuto ulikuwa ugomvi wa nyumbani: mke, mkwe, deni, kuku wa jirani, sahani ya ugali. Yule aliyeacha nyumba yake ikiungua aliona tena nyumba ambayo tatizo lake kubwa ni baba mkaidi. Kwa muda wa mchezo mmoja alikuwa kama amerudi kijijini. Aliyefiwa hakumsahau marehemu wake kwa sababu alicheka. Alipumzika kidogo tu, halafu akarudi kwenye hema.

Kuanzia mwaka 2005 familia nyingi zilirudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Zilishuka na magodoro, masufuria, vyeti vya shule, na CD zilizokwaruzika. Ndiyo maana mpaka leo kuna watu Baraka, Mboko na Fizi wanaojua maneno ya mchekeshaji wa Tanga kuliko ya mchekeshaji yeyote wa Kinshasa.

Katika sinema hizo hizo za kambini filamu za Kihindi pia zilipendwa, na huko nako kila hadithi ya machozi ilikuwa na mtu wake wa kuchekesha. Wapenzi wa filamu hizo wanamjua Johnny Lever. Alizaliwa mwaka 1957 katika familia maskini, akalelewa mjini Mumbai, akaacha shule mapema kwa kukosa uwezo, akauza kalamu barabarani akicheza na kuiga waigizaji maarufu ili wanunuzi wasimame. Baadaye alifanya kazi katika kiwanda cha Hindustan Lever, alikokuwa akifanya kazi baba yake. Huko aliwaiga wakubwa wa kazi, wenzake wakacheka mpaka wakampa jina la kiwanda. Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1982, na tangu hapo ameigiza katika mamia ya filamu. Yeye na mzee wa Tanga walitoka mahali pamoja: kwa watu wasio na kitu, ambao kipaji chao cha kwanza kilikuwa kumtazama mkubwa na kumwiga bila kumtukana.

Lakini mwisho wa King Majuto haukuwa wa kuchekesha. Mwaka 2018 aliugua sana, tatizo likiwa tezi dume. Rais John Magufuli alimtembelea hospitalini, na baadaye mzee alipelekwa India kwa matibabu. Wakati huo ndipo Watanzania walipoanza kuuliza kwa sauti: mtu ambaye uso wake uko kwenye matangazo ya biashara, ambaye filamu zake ziko katika kila duka la CD, anakosaje pesa za kujitibia? Mzee mwenyewe alilalamikia mikataba ambayo haikumpa haki yake. Waziri aliyehusika na sanaa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Wapo waliosema hatua hiyo ilikuja wakati mzee yuko tayari kitandani. Majuto ni mjukuu.

Alirudi kutoka India, lakini hakupona. Alifariki jioni ya tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2018, siku ya Nane Nane, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 70, na miaka 60 kati ya hiyo aliitumia kuchekesha watu. Alizikwa kwao Tanga.

Wanaompenda huku Fizi nao wana sehemu yao katika deni hilo, na ni vizuri lisemwe. CD zilizovuka ziwa nyingi zilikuwa za kunakili. Mwenye sinema alilipwa, mwenye jenereta alilipwa, aliyenakili alilipwa. Mzee hakupata kitu. Leo ni vilevile kwenye kadi memori: filamu nzima inapita kutoka simu hadi simu bei ya chini kuliko kikombe cha chai. Hakuna anayemlaumu mkimbizi asiye na pesa. Ila anayefanya biashara kwa kazi ya mwingine si mkimbizi katika jambo hilo.

Vijana wa Baraka wanaojirekodi jioni wanapaswa kuisoma hadithi hii mpaka mwisho, wasiishie kwenye kicheko. Mfanyabiashara akija kuomba video ya kutangaza duka lake, yafaa kila kitu kiandikwe kwenye karatasi: video itatumika muda gani, itaonyeshwa wapi, malipo ni kiasi gani na yatatolewa lini, na nini kitafanyika akitaka kuitumia tena. Karatasi isainiwe na pande zote mbili mbele ya shahidi, na kila upande ubaki na nakala yake. Kongo ina shirika la haki za watunzi, SOCODA, na kijana anayeona kazi hii kuwa maisha yake aulizie jinsi ya kujiandikisha.

Familia mpya bado zinashuka kutoka milimani na kuingia Baraka kila vita inapowaka juu huko, nazo hupokelewa katika nyumba za watu ambao wenyewe walikuwa wakimbizi jana. Usiku, baada ya wageni kula kilichopatikana, mara nyingi mtoto wa nyumba hutoa simu na kuwaonyesha wageni wenzake mzee mmoja anayegombana na kila mtu. Mtoto aliyetembea siku mbili anaanza kucheka. Wazazi wanageuka kuangalia ni nini. Mwenye kazi hiyo alikufa akidai haki yake, na kazi yake ingali inafanyika katika nyumba hiyo.