Ndege Yenye Matengo

Kila mtu ana jambo lake la kupumzisha moyo. Wengine hucheza bao, wengine hufuga njiwa. Mimi, mzee wa Wingwi, kaskazini ya Pemba, hutazama ndege, wala si ndege wenye manyoya. Natazama eropleni, hasa zile za zamani, nami huzitambua kwa kivuli tu, yaani kwa umbo lile jeusi linaloonekana jua likiwa nyuma yake. Rangi na maandishi sina haja nayo. Mke wangu husema hiyo ni kazi ya mtu asiye na shamba. Shamba ninalo, ila mikarafuu haikatazi mtu kutazama juu.

Mambo haya nilifundishwa nikiwa mtoto wa shule, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jirani yetu mmoja alikuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, akafika hata Burma. Alirudi na kijitabu kilichojaa picha nyeusi tupu, kila ndege imechorwa mara tatu: kwa chini, kwa mbele, na kwa ubavuni. Vitani askari walifundishwa picha za namna hiyo ili wasizipige risasi ndege za upande wao, wala wasizipungie mkono za adui. Mchwa walikuwa wamekila kijitabu kile nusu nzima. Nusu iliyobaki niliisoma mpaka nikaweza kuichora gizani.

Jirani alinipa na utaratibu wake. Tazama kwanza mabawa, kisha injini, kisha kiwiliwili, mwisho mkia. Usilitaje jina kabla hujavimaliza vinne hivyo. Basi nikaanza kuzitambua zilizokuwa zikipita pwani kwetu. Dakota, ambayo iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, mabawa yake yako chini ya kiwiliwili. Ukingo wa mbele umelala kwenda nyuma, na ule wa nyuma umenyooka karibu kama rula. Rapide ilikuwa na mabawa ya ghorofa mbili, ncha zimechongoka, na magurudumu yamevikwa kama suruali. Shirika la East African Airways lilianza kazi mwaka 1946 kwa ndege sita za aina hiyo. Ikaja Friendship ya Uholanzi, bawa juu ya mgongo na injini mbili ndefu nyembamba. Shirika lile lilikufa mwaka 1977, na ndipo tukaizoea Twin Otter, ambayo bawa lake limenyooka kama ubao na magurudumu hayakunjwi. Siku hizi huja sana Cessna Caravan, injini moja puani. Hizo hata mjukuu wangu wa miaka sita hazimsumbui.

Lakini nililotaka kuwaeleza hasa ni habari ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mtu wa bahari. Alivua, tena alivuka mara nyingi kwenda Tanga kwa jahazi. Jioni moja, nami nina miaka kumi na mitatu, alituhadithia barazani jambo aliloliona katika ujana wake, kabla ya vita. Walikuwa katikati ya mkondo, pepo zimelala, mara ikatokea ndege kubwa kutoka upande wa Mombasa, ikipita chini chini. “Ina injini nne,” akasema, “na tumbo lake si la ndege, ni la jahazi. Na chini ya kila bawa pana tengo, kama ngalawa.” Akaokota kijiti akaichora mchangani.

Wenzetu wa bara wasioijua ngalawa, ni mtumbwi mwembamba wenye vipande viwili vya mbao, kimoja kila upande, vinavyouzuia usipinduke. Hivyo ndivyo matengo.

Watu wakanigeukia mimi, kwa kuwa nilikwisha pata jina kuwa ndiye fundi wa mambo ya ndege. Nikaitazama ile picha kwa utaratibu wangu wote: mabawa, injini, kiwiliwili, mkia. Katika kijitabu changu hamkuwa na kitu kama kile. Nikasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, “Mjomba, ndege ya namna hii haipo duniani. Labda jua lilikupiga.”

Baraza zima likacheka. Tangu siku ile akaitwa Nahodha wa Angani, na watoto walimfuata pwani wakimwita hivyo. Yeye hakunikaripia. Aliifuta picha kwa unyayo, akainuka akaenda zake. Asubuhi aliniletea samaki kama desturi yake. Wala habari ile hakuitaja tena mbele yetu mpaka alipofariki, mwaka 1984.

Mwaka 1991 nilikuwa Mombasa kwa shughuli za biashara, nikaona vitabu vikuukuu vimetandazwa chini kando ya njia. Kimoja kilikuwa cha ndege. Nikakifungua katikati, nikasimama pale pale juani kama mtu aliyeitwa jina. Injini nne. Tumbo la jahazi. Chini ya kila bawa, tengo.

Ndege ile iliitwa Short Empire, ya Uingereza, nayo iliruka mara ya kwanza tarehe 3 Julai 1936. Toka ncha ya bawa moja hata ya pili ni kama mita 35. Shirika la Imperial Airways lilizitumia kuchukua abiria na magunia ya barua, na mwaka 1937 zikaanza kuja toka Uingereza hata Durban. Hazikuhitaji uwanja; zilitua majini. Zilishuka katika Ziwa Viktoria huko Kisumu, zikaja Mombasa, kisha Dar es Salaam, kisha Lindi, zikaendelea kusini. Na yale matengo kazi yake ni ile ile ya ngalawa: chombo kikiwa juu ya maji, kisilale ubavu, bawa lisizame.

Baadaye nilijifunza kwamba ndege hiyo ilikuwa na ndugu yake wa vitani, Sunderland, iliyoundwa na kiwanda kile kile. Nadhani ilikuwamo katika zile kurasa zilizoliwa. Lakini mchwa siwalaumu. Mchwa hawakusema neno barazani.

Niliporudi Wingwi sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkaza mjomba, ambaye alikuwa bado hai. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikamfungulia kitabu. Macho yake yalikuwa yamechoka, picha ile ndogo hakuiona vizuri. Basi nikachukua kijiti nikamchorea mlangoni pake, kubwa, ardhini. Akainama akaitazama kwa muda mrefu.

“Matengo sawa,” akasema. “Tumbo sawa. Lakini mkia umeufupisha, mwanangu. Yeye aliuchora mrefu.”

Nikamwuliza, “Uliiona wapi, na mjomba hakuichora tena tangu siku ile?”

“Kwenu ndiko hakuichora,” akasema. “Mimi alikuwa akinichorea jikoni, majivuni. Kila akirudi safari.”

Nikakitazama kitabu. Mkia wa ndege ile ni mrefu kweli, umesimama kama tanga. Nikaufuta wangu kwa kiganja, nikauchora upya, naye akiniongoza.