Sanduku la Wahujaji wa Ludlow

Msafiri ashukaye katika gari la moshi huko Ludlow, mji mdogo wa Uingereza karibu na mpaka wa Wales, huongozwa na mnara wa kanisa. Sisi nasi tuliufuata, tukapanda mpaka uwanja wa soko, mbele ya ngome ya kale. Wauzaji walikuwa wametandaza jibini, mikate, maua na vitabu vikuukuu, wakibishana bei na wanunuzi kwa upole.

Mji huu ulianzishwa na Wanormandi baada ya mwaka 1066, ukatajirika kwa sufu ya kondoo. Leo wakaaji wake ni kama 10,000 tu, nazo nyumba zinazolindwa na sheria kwa ajili ya ukale wake hukaribia 500. Walakini hatukwenda kutazama kuta tu. Tulitaka kujua habari za chama kilichodumu katika mji huu kwa muda wa karne tatu hivi, yaani Chama cha Wahujaji.

Jina hilo latokana na wale waliorudi kutoka Yerusalemu wakichukua makuti ya mtende. Katika kanisa la Mtakatifu Laurenti tulionyeshwa dirisha la vioo vya rangi, kazi ya karne ya 15. Laonyesha wahujaji wa Ludlow wakipewa pete na Mtakatifu Yohane, wampelekee Mfalme Edward Muungamaji. Ni hadithi tu, kwani mfalme huyo alifariki kabla mji haujakuwapo. Lakini wanachama waliipenda.

Kanuni zao za mwaka 1284 ndizo zilizotugusa moyo. Mwanachama, mume kwa mke, akifilisiwa na wezi, moto, kuzama kwa chombo au kuanguka kwa nyumba, alisaidiwa kwa mali ya chama mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne hapana. Binti mwema ambaye baba yake hakuwa na kitu alipewa msaada aolewe au aingie utawani, kama alivyopenda mwenyewe. Na aliyekesha penye maiti alikatazwa kuita mizimu na kumfanyia marehemu mzaha. Tulicheka kidogo tuliposikia hayo, maana nani kati yetu hajaona kesha la msiba likigeuka mchezo?

Chama kilipata ardhi na nyumba nyingi, na wanachama hata wa miji ya mbali. Kisha serikali ya Mfalme Edward wa Sita ikavifuta vyama vya namna hiyo. Mwaka 1551 Wahujaji waliitoa mali yao. Lakini mwaka 1552 ilikabidhiwa baraza la mji, kwa sharti la kuitunza shule na nyumba ya maskini. Nyumba hiyo iliwekwa mwaka 1486 kwa mali ya mfanyabiashara John Hosyer, ikajengwa upya mwaka 1758. Tuliikuta ingali imesimama kando ya kanisa.

Tukiwa tumeketi mbele yake, tulikumbuka chama chetu cha kuzikana huko nyumbani. Tulitoa michango mwaka mzima. Tukanunua sare, tukafanya karamu. Mwenzetu wa kwanza alipofiwa na mtoto, sanduku lilikuwa tupu. Baba yule aliazima mbao za jeneza kwa jirani asiye mwanachama. Nasi tuliokula karamu ile tulisimama kaburini tukiinamisha macho.

Wahujaji nao walikula karamu zao, wala si dhambi. Lakini waliandika kwanza nani atasaidiwa, kwa sababu gani, na mara ngapi. Kwa hiyo chama kilipokufa, msaada haukufa pamoja nacho. Tukirudi nyumbani, tutawaomba wenzetu jambo moja tu: kabla ya kuchagua rangi ya sare, tuyaandike hayo matatu.